Yai la Kwa Kampire

SEHEMU YA SITA

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, nitakusimulia kwa maneno machache. Mimi ni Stephania, mzaliwa wa Kimuli, niliyeolewa Kihanga kwa Gosbert Kaijage, mkulima wa kahawa na ndizi. Mwaka 1988 vidonda vya tumbo vilinifunga njia ya chakula. Nilitapika miezi minne, hadi hata maji nikawa nayaogopa. Katika hospitali ya misheni daktari alinipasua, akakata zaidi ya nusu ya tumbo langu. Nyumbani walikuwa wanangojea maiti. Nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Niliishia pale muuguzi Laurensia aliponikalisha kitandani siku ya kuruhusiwa, mume wangu amesimama pembeni na kikapu cha nguo zangu.

Leo nasimulia jambo ambalo hata padri kwenye kitubio sikumwambia.

"Sasa sikiliza," Laurensia alisema. "Tumbo lako la zamani lilikuwa debe. Hili la sasa ni kikombe. Ukimimina debe ndani ya kikombe utajua mwenyewe."

"Nitakula nini, sista?"

"Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Na usile kitu kimoja tu! Ninyi huku mkishaona ndizi mnasema mmeona chakula. Ndizi peke yake haitakujenga. Yai. Samaki. Maziwa. Maharage yaliyopondwa. Mboga za majani. Papai. Leo hiki, kesho kile. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo kila kinachoingia kiwe na kazi."

Akaninyooshea kidole.

"Na vitu vitamu usivifakamie. Ukila kingi, au ukinywa kitamu kwa pupa, moyo utakwenda mbio, jasho litakutoka, utaona giza, utadhani unakufa. Hufi. Lala chini utulie, itapita. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akamgeukia mume wangu. "Na wewe baba, umesikia?"

"Nimesikia," Gosbert akajibu.

Yashike maneno hayo, msomaji. Tulisikia sote wawili.

* * *

Mama mkwe wangu, Kokuhirwa, alinipokea kwa vigelegele. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Akaniinua, akanikumbatia, akalia machozi ya kweli. Mama yule hakunichukia hata siku moja. Angenichukia, mambo yangekuwa mepesi.

Alikuwa amepika tangu alfajiri. Mlima wa ndizi ukafunuliwa kwenye majani yake, unafuka mvuke, maharage yamejaa juu. Tukaketi wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili.

Nilimega mara tatu. Tonge la nne likagoma kushuka.

"Kula, mkamwana. Hospitali wamekukausha."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hata kifaranga hula zaidi ya hapo."

Wanawake wakacheka. Nikaona heri niseme papo hapo, wakiwa wamefurahi.

"Mama, daktari amesema nile kidogo kidogo, tena vitu vya kila aina. Amesema nile mayai. Na samaki."

Kicheko kikakatika.

Kwa wazee wetu mwanamke hakula yai. Hakula kuku, wala senene, wale panzi wa msimu, aliowakamata kwa mikono yake mwenyewe, wala samaki wa aina fulani fulani. Hivyo vilikuwa vya wanaume. Vijana wengi walikuwa wamekwisha kuuacha mwiko huo. Nyumba ya Kokuhirwa haikuwa imeuacha.

"Katika nyumba hii," alisema polepole, "mwanamke hali yai. Shangazi yake Gosbert alikula. Alizika watoto watatu. Wewe hata mmoja hujazaa. Unataka kumzika nani?"

Miaka sita ya ndoa, bila mtoto. Alikuwa amegusa penyewe.

"Mama, ni kama dawa..."

"Dawa hailiwi kwenye sahani."

Nikamtazama Gosbert. Alikuwa anazitazama ndizi zake.

Tulipobaki wawili chumbani nikamuuliza kwa nini hakusema neno, naye alimsikia sista kwa masikio yake.

"Vumilia," akasema. "Mama ni mzee."

"Mimi nina miaka ishirini na tisa, Gosbert. Kwa mwendo huu sitafika kuwa mzee wa kuvumiliwa."

Akageuka ukutani.

* * *

Nilitoka hospitali na kilo arobaini na tatu. Wiki tano baadaye mizani ya zahanati ikasema thelathini na tisa.

Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Tumbo lilikuwa linapokea vijiko sita na vyote sita vilikuwa ndizi. Nywele zilikatika kwenye kitana. Nilishika jembe, jembe likanishinda.

Siku moja nilikaa chini katikati ya kahawa zetu, nikashindwa kusimama. Ndipo Kampire aliponikuta.

Kampire na mumewe Celestin Mbonimpa walikuwa wakitupalilia kahawa kwa kibarua. Walikimbia Rwanda wakiwa vijana, wakaja wakapewa kipande cha ardhi ng'ambo ya bonde. Miaka zaidi ya ishirini wamekaa Kihanga, wamezika watoto wawili kwenye udongo wa Kihanga, na bado watu waliwaita wageni.

"Mwanangu," akasema, "mbona umekaa kama mtu anayengoja kuchimbiwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakuuliza."

Nikamweleza yote. Tumbo, maneno ya sista, yai, shangazi aliyezika watoto watatu. Alisikiliza huku akiendelea kung'oa magugu.

"Hata kwetu wanawake walikuwa na miiko yao," alisema nilipomaliza. "Tulipokuwa njiani tunakimbia nilikula kila kilichopatikana, na nipo hapa. Mwiko ni wa mtu ambaye ghala lake limejaa. Kesho ukienda kutafuta kuni, pitia kwangu."

Kesho yake nikapitia. Akanipa nusu ya yai la kuchemsha, amelikata kwa uzi. Nusu ya pili akaila yeye mwenyewe mbele yangu.

"Ili uone halina kitu," akasema.

Mnakumbuka chakula cha kwanza mlichokula baada ya njaa ya kweli? Nililitafuna lile yai mpaka likawa si yai tena. Nililia. Kampire alijifanya hanioni.

Tangu siku hiyo nikawa mtafuta kuni hodari kuliko wanawake wote wa Kihanga.

Kampire alikuwa na sheria yake: hakunipa kitu kimoja siku mbili mfululizo. Leo yai. Kesho dagaa waliotwangwa wakawa unga, wamechanganywa na boga. Keshokutwa maziwa ya ng'ombe wao kwenye kibuyu kidogo. Siku nyingine maharage aliyoyaponda na kuyachuja maganda, au mchicha na karanga, au kipande cha papai. Alipika kama anayemlisha mtoto mchanga, vijiko vitatu, vijiko vinne, halafu ananiambia nikae kwanza, nisikimbie.

Baada ya wiki saba mizani ikasema arobaini na mbili. Nikaweza kulima tena.

Kabla ya kurudi nyumbani nilitafuna mchaichai nisije nikanuka samaki.

"Mumeo anajua?" Kampire aliniuliza siku moja.

"Hajui."

"Mwambie."

"Atamwambia mama yake."

"Basi mwambie mama yake wewe mwenyewe. Stephania, chakula cha siri hugeuka sumu vinywani mwa watu."

Nikamwambia nitasema. Sikusema.

* * *

Mwaka ule tulikuwa tunazika. Usipokuwa na msiba kwako, ulikuwa nao jirani yako. Watu walikuwa wanakonda, wanaharisha, wanaondoka, vijana kwa wasichana. Jina la ugonjwa wenyewe, UKIMWI, lilikuwa jipya, wengi hawakulitamka. Sisi tuliuita Juliana.

Kwa hiyo kila aliyekonda alitazamwa mara mbili. Nami hata kwa kilo arobaini na mbili nilikuwa ngozi na mifupa.

Shemeji yangu Protase, kaka mkubwa wa Gosbert, ndiye aliyelisema kwanza. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua kahawa, wao wako barazani.

"Mdogo wangu, mkeo ana Juliana."

"Alipasuliwa tumbo, kaka. Nilikuwepo."

"Tumbo ni kisingizio. Wangapi walipasuliwa wakanenepa? Na mbona hali tunachokula? Mtu asiyekula na wenzake anaficha kitu. Fikiria na wewe nafsi yako."

Kesho yake Gosbert akahamisha godoro lake, akawa analala sebuleni.

Hakusema sababu. Mama mkwe akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kikombe changu, ili kisichanganywe na vingine. Alikifunga usiku akidhani sitamjua. Asubuhi akaninywesha chai kwenye kikombe kile, huku akiniita mwanangu.

Hapo ndipo niliposhikwa na wazimu mmoja. Nikajiapiza kwamba siku ya kwanza ya sherehe nitakula mbele ya watu wote, nile kama mtu mzima, wanione, wanyamaze.

* * *

Sherehe haikukawia. Jumapili moja binti yake Protase alipata kipaimara. Baada ya misa tukakusanyika kwa Protase, ukoo mzima, na majirani, na Byabato aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Chakula kilipoandaliwa nilikaa pembeni kama kawaida yangu. Protase akasimama, ana kata ya rubisi, pombe ya ndizi, mkononi.

"Ndugu zangu, karibuni. Kila mtu ale. Lakini mke wa Gosbert msimlazimishe. Yeye hali kwetu. Sijui anatuona wachawi, au ana lake linalomzuia."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutazamana.

Mama mkwe akainuka. Nadhani alitaka kuniokoa. Akapakua sahani ikajaa, ndizi, nyama, maharage, akanipa kwa mikono miwili. Akarudi na kikombe kikubwa cha omuramba, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa siku ileile, matamu kama asali.

"Kula, mkamwana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kula waone. Nakuomba."

Nikala.

Nilikula yote. Nilikula kwa haraka, bila kutafuna, macho yangu yamemkazia Protase. Tumbo likaniambia basi, nikalisukumia. Kisha nikakiinua kikombe cha omuramba, nikakinywa chote kwa pumzi moja.

"Eee!" wanawake wakashangilia. Mama mkwe akapiga makofi.

Shangwe ilidumu robo saa hivi.

Moyo ulianza kwanza. Ukapiga mpaka nikausikia masikioni. Kisha jasho, jasho la baridi, gauni likaloa mgongoni. Tumbo likasokota. Nikasimama nitoke nje, uwanja ukazunguka, nikaanguka juu ya sufuria.

"Amelishwa!" mtu akapiga kelele. "Amelishwa sumu!"

Nilipofumbua macho nilikuwa chini kwenye majani makavu ya migomba. Gosbert alikuwa amenipakata, ameshika mkono wangu. Wiki tatu mkono ule haukuwa umenigusa.

Protase akainama juu yangu. "Shemeji, sema. Umekula nini, na kwa nani?"

Nilijua kilichoniangusha. Kila neno la sista Laurensia lilikuwa kichwani mwangu, jasho, moyo, giza, lala chini itapita. Tena ilikuwa imeanza kupita. Nilikuwa najisikia nafuu.

Nikisema ni sahani ya mama mkwe, nimemwaibisha mwanamke aliyetaka kuniokoa. Nikinyamaza, watasema ni Juliana. Nikaziangalia zile nyuso. Zilikuwa na huruma! Miezi mitatu nilikuwa sijaona huruma kwenye uso wa mtu pale. Mtu aliyelishwa sumu anahurumiwa. Mtu aliyelishwa sumu hafungiwi uzi kwenye kikombe.

Na mkono wa mume wangu ulikuwa umenishika.

"Nilikula yai," nikasema. "Kwa Kampire."

Ilikuwa kweli. Juzi yake nilikuwa nimekula yai kwa Kampire. Sijawahi kusema kweli iliyokuwa uongo mkubwa kama ile.

Mama mkwe akashika kichwa. "Yai! Stephania, yai!"

Protase aliiweka kata chini, akatoka, na wanaume sita wakamfuata.

* * *

Jioni walirudi. Nilikuwa nimelazwa, ila masikio yalikuwa wazi.

Walikuwa wamevunja vyungu vya Kampire vyote wakitafuta dawa. Kuku wake walikuwa wamechinjwa na kutupwa bondeni, kwa kuwa eti mayai yalitokana nao. Celestin alijaribu kuwazuia, akapigwa mpini wa jembe kichwani.

"Kesho saa nane, baraza kwa balozi," Protase alisema. "Warudi kwao walikotoka."

Gosbert akaniletea uji. Akakaa kitandani, akaninywesha kijiko kwa kijiko. Usiku ule alilala kwenye kiti kando yangu.

Asubuhi sikuweza kuvumilia tena.

"Gosbert, nina neno. Kampire hakunipa sumu. Kilichoniangusha ni kile chakula cha jana na omuramba. Sista alituambia..."

"Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Najua," akarudia. "Nilikuwepo sista aliposema. Nilipokuona jana umeinua kile kikombe nilijua kitakachotokea."

"Ulijua, ukaniacha ninywe?"

"Nilikuacha."

"Ukasikia namtaja Kampire, ukanyamaza?"

"Stephania, heri waseme sumu." Alikuwa anaongea huku anatazama mikono yake. "Wakisema sumu, hawasemi Juliana. Wakiacha kusema Juliana kwako, hawatanitazama mimi."

"Wakutazame wewe kwa nini?"

Akafungua vifungo vya shati.

Miezi mitatu nilikuwa nikiutazama mwili wangu tu. Sikuwa nimeutazama wa kwake. Mifupa ya mabega ilikuwa imejitokeza, na mbavuni kulikuwa na vipele vilivyokauka vikaacha alama nyeusi, kama mkanda.

"Unakumbuka nilipokuwa navusha kahawa kwenda Uganda?" akasema. "Nililala huko siku nyingi. Wenzangu wanne tuliokuwa tukivuka pamoja, watatu tumewazika. Kila usiku natoka jasho, shuka inaloa. Sikuhamia sebuleni kwa kukuogopa wewe. Nilihama ili usijue. Na ili, kama hujapata, usipate."

"Umepima?"

"Sitaki kupima. Asiyejua bado ni mzima."

Kuku wa mama mkwe walikuwa wanaparua uani. Niliwaza vile vyungu vilivyovunjwa.

"Na Kampire?" nikauliza.

"Kampire atapata mahali pengine. Wao wamezoea kuhama."

Nilimpenda mume wangu, na nilimpenda hata asubuhi ile. Ila neno hilo lilinitoa kitandani.

* * *

Saa nane uwanja wa balozi ulikuwa umejaa. Byabato alikaa kwenye kiti mbele ya mlango wake. Kampire na Celestin walikuwa wamesimama upande mmoja peke yao. Celestin amefungwa kitambaa kichwani, damu imekaukia kwenye sikio.

Kampire alinitazama mara moja. Hakunikunjia uso. Nilitamani angenitemea mate.

"Mama Kampire," Byabato akaanza, "umesikia unavyoshtakiwa. Ulimpa huyu mwanamke yai?"

"Nilimpa."

"Ndani ya yai kulikuwa na nini?"

Nikainua mguu niende mbele. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yako mdomoni.

"Nilitia dawa," Kampire akasema.

Uwanja wote ukaguna kwa pamoja.

Nikabaki na mguu hewani. Celestin alikuwa ameinamisha kichwa.

"Dawa ya kuua?" Byabato akauliza.

"Ndiyo, balozi. Nilimwonea wivu. Naomba mniruhusu niondoke na mume wangu na ng'ombe wetu, hatutarudi tena."

Nilikuja kujua baadaye. Asubuhi ile Protase alikuwa amevuka bonde, akamwambia: ukikubali, utaondoka na mumeo na ng'ombe wako. Ukikataa, utaondoka peke yako.

"Basi yamekwisha," Protase akasema. "Amekiri mwenyewe."

"Hayajaisha!"

Sauti ilikuwa yangu. Nikajikuta katikati ya uwanja.

"Kampire anasema uongo," nikasema. "Na mimi nilisema uongo kabla yake. Hakunitilia kitu. Huyu mama amenilisha wiki saba. Mayai, dagaa, maziwa, maboga. Asingekuwa yeye, mimi ningekuwa kaburini. Ndiye aliyetii neno la daktari, wakati sisi wenyewe tulikataa."

"Kaa chini, shemeji," Protase akasema. "Sumu bado iko kichwani."

Sikukaa. Mbele ya baba wakwe, mbele ya vijana, nilipandisha blauzi yangu, nikawaonyesha kovu lililoshuka toka chini ya kifua hadi kitovuni. Wazee wakageuza nyuso.

"Tumbo langu ni kikombe," nikasema. "Jana nilikula debe. Sahani iliyojaa, na omuramba juu yake. Hilo ndilo lililoniangusha, na nilijua, na nilinyamaza."

Mama mkwe alisimama taratibu. Alikuwa kama mtu anayetafuta fimbo yake gizani.

"Mimi nilikupa sahani ile," akasema. "Stephania. Unawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekulisha?"

Akajifunika uso kwa kanga.

Byabato akainua mkono watu watulie. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya akili yake. "Tuna wanawake wawili," alisema, "na kila mmoja anajiita mwongo. Nani ataamini kwamba ndizi, chakula cha babu zetu, kinamwangusha mtu kama amepigwa rungu?"

"Hakuna," Protase akadakia. "Balozi, njia ni moja. Ama ni sumu, ama ni Juliana. Hospitali kubwa sasa wanapima damu. Aende akapimwe. Damu ikiwa mbaya, basi ugonjwa ndio ulimwangusha, na huyu mama Mnyarwanda abaki na shamba lake. Damu ikiwa safi, basi ni sumu kama alivyokiri, na hapo mtaniachia mimi."

Nilitaka kusema lile halikuwa swali la haki, kwamba kulikuwa na jambo la tatu, na la tatu ndilo kweli. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kunung'unika kukubali.

Msomaji, ulielewe vizuri nililofungiwa. Nikiwa mzima, Kampire ameangamia. Ili Kampire apone, ilibidi mimi niwe nimeoza.

"Na asiende peke yake," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Mume na mke ni mwili mmoja. Wapimwe wote wawili."

"Wote wawili!" watu wakaitikia.

Nikaziwaza zile alama nyeusi kwenye mbavu za Gosbert.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," Byabato akasema.

Mikono ikapanda. Ya Protase ya kwanza. Ya wale sita waliovunja vyungu. Ya wanawake walionishangilia jana nikila. Kampire peke yake alikuwa ametikisa kichwa, ananitazama kama anayeniambia ningenyamaza tu, mwanangu.

Nikageuka kumtafuta mume wangu, nimwambie kwa macho akimbie, atoke, apite nyuma ya nyumba ashuke bondeni.

Gosbert hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mkono wake ulikuwa juu kuliko mikono yote.